Marejeo yangu na Zotero
Nikiwa mwaka wa pili wa uzamili, flashi yangu iliharibika na orodha nzima ya marejeo ikaenda nayo. Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, Zanzibar. Wiki nzima nililala saa nane usiku, nikisaka upya makala moja baada ya nyingine.

Dada mmoja wa maktaba akaniketisha, akanifungulia Zotero. Ni programu ya bure ya kutunza marejeo, iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006. Unabandika DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, yenyewe inaleta mwandishi, mwaka, jarida na kurasa. Niliiona kama neema! Hifadhi yake ya bure mtandaoni ni MB 300 tu, na PDF huijaza upesi, kwa hiyo nakala nyingine naweka kwenye diski ya nje.

Ila kagua kila ingizo. Majina yetu ya Kiafrika mara nyingi huingia kinyumenyume, la ukoo likakaa mahali pa la kwanza. Mimi huyarekebisha palepale, kabla sijafungua makala nyingine, maana mtafiti aliyeenda ufukweni kuzungumza na akina mama wakulima wa mwani anastahili jina lake sahihi.