Siku Moja Maishani Mwangu: Mlango Mgongoni, Kutoka Archives Hadi Jeevanjee

Saa kumi na moja alfajiri

Simu hulala chini ya mto wangu. Kabla sijawasha taa nafungua ukurasa wa tiketi: 39. Jana nilipolala zilikuwa 37. Kuna watu wawili hapa Nairobi waliokuwa macho usiku wa manane wakaamua kutoa shilingi 500 kila mmoja waje kuitazama filamu yetu, nami siwajui. Nawaombea siku njema.

Onyesho la kwanza ni kesho, Ijumaa, saa moja jioni, katika ukumbi mdogo wa Kilimani wenye viti 90. Mapato tunagawana nusu kwa nusu na wenye ukumbi. Hatuna mfadhili wala bango la barabara kuu. Tuna filamu ya dakika 78, iliyopigwa kwa siku 19 huko Kaloleni na Makadara, na kazi ya kuitafutia watu ni yangu.

Ni filamu ya vichekesho kuhusu watu watatu wa vioja. Wa kwanza ni kijana anayezunguka na mlango mgongoni. Akipata mahali pa wazi anausimamisha. Wa pili ni mama ambaye kila jioni hupika chai, akaviandalia vikombe viti sita vitupu uani kwake na kuvisimulia habari za mtaa. Wa tatu ni mzee mstaafu wa reli, anayesimama kando ya barabara akitangaza matatu zinazopita kama mtu anayetangaza mpira. Wakaamua kufanya onyesho la pamoja, na siku waliyoichagua ndiyo siku mtaa mzima una harusi.

Mara ya kwanza nilipousoma mswada nilicheka hadi machozi. Mara ya pili ndipo nilipoona kwamba aliyeuandika anawapenda hawa watu. Tangu hapo nimekuwa nikililinda hilo kama yai. Mtu akicheka kesho, na acheke kwa sababu anamtambua jirani yake pale.

Saa moja na nusu asubuhi

Nimepewa dakika nane hewani kwenye kituo cha redio cha Kiswahili. Mtangazaji ni mchangamfu, anaijua kazi yake, na anafungua hivi: "Leo tuna dada aliyetuletea filamu ya vichaa wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi!"

Nilijua neno hilo litakuja. Nikamwambia, "Si vichaa, kaka. Ni wasanii." Akauliza usanii wa kubeba mlango ni upi. Nikamsimulia habari za Tehching Hsieh, mzaliwa wa Taiwan, aliyefanya onyesho kwenye studio yake New York kuanzia Aprili 1980 hadi Aprili 1981. Ndani aliweka saa ya kupigia kadi, kama zile za viwandani za kuandikisha muda wa wafanyakazi. Kila saa moja, mchana na usiku, alijipangia kupiga kadi, mwaka mzima. Alianza akiwa amenyoa kichwa, na kila alipopiga kadi alijipiga picha, kwa hiyo ukizitazama picha hizo kwa mfululizo unaona nywele zikirefuka mbele ya macho yako. Nikamsimulia pia habari za Marina Abramović, aliyekaa kwenye kiti katika MoMA, jumba la sanaa la New York, mwaka 2010, zaidi ya saa 700 kwa jumla, huku watu wakipanga foleni ili waketi mbele yake watazamane kimya. Wengine walitoka pale wakilia.

Mtangazaji alinyamaza kidogo, jambo ambalo redioni ni gharama. Kisha simu ikaingia. Alikuwa bawabu wa Industrial Area, ndiyo kwanza ametoka zamu. Akasema, "Huyo wa kupiga kadi mimi namwelewa. Kila saa naandika kwenye kitabu cha zamu kwamba hakuna jambo. Mwaka wa tisa huu. Hakuna aliyewahi kuniita msanii."

Nikamwambia kesho tiketi yake iko mlangoni, asilipe.

Saa tatu asubuhi

River Road, ghorofa ya pili, mabango 200 ya saizi ya A3 kwa shilingi 45 kila moja. Harufu ya wino inakupokea kwenye ngazi. Vijana wawili wanapanga karatasi zikiwa bado na joto, mzee mwenye duka ameshika lupu, lenzi ya kukuzia, jichoni, anatazama wekundu wa ule mlango. Tulikuwa tumehangaika sana na wekundu huo. Jana ulitoka kama waridi, leo umetulia, mzito, ule wa rangi ya mafuta inayopakwa milango ya nyumba za zamani za Kaloleni. Nililigusa bango la kwanza kwa kidole nikasikia furaha mpaka tumboni.

Halafu nikasoma maandishi ya chini. "Ijumaa, saa 7 jioni."

Saa saba jioni haipo. Aliyepanga maandishi aliifuata saa ya Kiingereza akaiandika kwa Kiswahili, na mtu akiliona bango hilo atafika saa saba mchana akute ukumbi umefungwa, au atadhani sisi hatujui tunachofanya. Mabango 140 yalikuwa yameshatoka mashinani. Mzee hakubishana. Alikaa kimya, akavuta karatasi ya stika, akachapa vipande vidogo vyenye rangi ileile ya bango: "saa moja jioni". Tukakaa mezani sote watano, yeye, mkewe, vijana wake na mimi, tukibandika kipande kimoja kimoja kwa ncha ya wembe. Ukikibandika pembeni, jicho linakiona mara moja. Kufikia la thelathini mkono wangu ulikuwa umejua. Ilituchukua saa moja na dakika kumi.

Tukiwa tunabandika, mzee akaniuliza kwa nini tusiandike "Vichaa" kwa herufi kubwa juu ya picha. "Madam, hilo neno linauza. Nimechapisha mabango miaka mingi." Namwamini. Nikamweleza kwamba nina binamu aliyeitwa hivyo utotoni kwa sababu alikuwa akiongea na miti, na kwamba leo ndiye fundi wa bustani ninayemheshimu kuliko wote. Akaguna. "Basi tafuta neno jingine. Hapo juu pako wazi mno."

Alikuwa na haki. Juu ya mlango palikuwa na nafasi ya neno moja, na wiki nzima sikuwa nimelipata. Alama ya PG, ya filamu inayohitaji mwongozo wa mzazi, kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa pembeni mahali pake, majina ya waigizaji mahali pake, neno ndilo halikuwepo.

Saa tano asubuhi

Odeon. Kila ninapopita hapa nafikiria jinsi jiji hili linavyoyatunza majina ya sinema zake baada ya sinema zenyewe kufa. Kondakta anapiga kelele "Odeon! Odeon!" na abiria wengi wa umri wangu hawajui kwamba hilo lilikuwa jumba la kutazamia filamu. Mzunguko wa Globe ni hivyohivyo. Bellevue ya Mombasa Road na Fox ya Thika Road zilikuwa sehemu za kutazama filamu ukiwa ndani ya gari lako. Baba yangu alimpeleka mama yangu mojawapo kwa gari la kuazima. Watu wa Nairobi walikuwa na mazoea ya kuvaa vizuri wakatoka kwenda kutazama picha, na mimi siamini kwamba hamu hiyo imeisha. Kinachotakiwa ni kumwita mtu aje.

Nimekuja kuonana na wenye nganya moja, matatu ya kifahari, yenye skrini mbili. Ninaomba trela yetu ya sekunde 60 ichezwe katikati ya nyimbo, leo na kesho. Donda, kondakta wake, ananiuliza, "Siste, kuna mziki ndani?" Kuna benga kidogo, namwambia. Akaiweka kwenye skrini tukaitazama tukiwa watatu, gari likiwa tupu. Mzee wa reli alipotangaza matatu ikimpita mwenzake kushoto kama winga, dereva alijitupa nyuma kwa kicheko, akairudisha, akaitazama tena. "Huyu mzee anatujua!" Hatukuongea habari za pesa tena. Nikawaachia mabango manne na tiketi mbili.

Saa sita na nusu mchana

Mwigizaji wetu ananisubiri mbele ya Archives, jengo la hifadhi ya nyaraka za taifa, na mlango mgongoni. Ni ule mlango wa filamu, tuliutengenezesha soko la Gikomba, na miimo yake ina miguu ya kukunja ili usimame penye udongo au saruji. Bawaba ya juu inalia kama kifaranga. Nimewahi kumletea mafuta akakataa, akasema mlango usiolia hauna nyumba.

Tunatembea tukifuata Moi Avenue. Sisemi neno. Mabango yako begani kwangu, nakaa hatua kumi nyuma, natazama nyuso. Jua ni kali na shati lake limeshikamana na mgongo. Wauzaji wa soksi wanampisha, mtoto wa shule anampigia saluti. Mkokoteni mmoja ukasimama kabisa, na mwenye mkokoteni akamtazama kwa makini kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, akamwambia, "Kaza huo mkanda wa kushoto, utakuumiza." Akaukaza mwenyewe.

Jeevanjee saa hiyo ni ya wahubiri. Bustani hii A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji mwaka 1906, na hadi leo ukitaka kusema na Nairobi bila kipaza sauti cha mtu, unakuja hapa. Nikamwendea mhubiri aliye karibu, nikamwomba radhi, nikamweleza tunataka kona ile ya chini ya mti kwa dakika ishirini. Akasema, "Nendeni kwa amani, mradi msinipigie ngoma."

Mlango ukasimamishwa kwenye nyasi. Hauna ukuta kulia wala kushoto. Mwigizaji akaenda upande wa pili, akafunga, akakaa kwenye kigoda, akangoja. Watu wakakusanyika kwa mbali. Dakika tano, hakuna kitu. Kijana mmoja akazunguka pembeni akamchungulia, wenzake wakacheka. Yeye kimya.

Kisha mama muuza mayai akaweka ndoo yake chini, akafuta mikono kwenye leso, akasogea hadi mlangoni. Angeweza kupita pembeni kama yule kijana. Akabisha kwa kifundo cha kidole mara tatu, akasema kwa sauti ya mtu aliyefika kwa jirani:

"Hodi!"

Sikujua kwamba yule mwigizaji angenyamaza. Alinyamaza. Aliyejibu ni umati. Watu hamsini, labda zaidi, bila kupangwa na mtu, wakaitika kwa pamoja: "Karibu!" Bawaba ikalia, mlango ukafunguka, yule mama akaingia na pale palipokuwa nyasi tupu pakawa nyumbani kwa mtu. Aliinama kidogo alipopita kizingiti. Sitausahau mwinamo ule. Mwigizaji akainuka akampa kigoda.

Baada ya hapo ilikuwa foleni. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Mwanafunzi, mzee mwenye fimbo, askari aliyevua kofia kwanza. Yule kijana wa kuchungulia alirudi akapanga foleni kama wengine. Mhubiri naye alisogea na Biblia yake, akauchukua ule mstari wa Ufunuo wa anayesimama mlangoni akibisha, akauhubiri kwa dakika mbili hapohapo, kisha akapiga hodi na yeye akaingia. Nilikuwa nikilia na kugawa mabango kwa wakati mmoja, na kila aliyeingia aliondoka na moja.

Nikampigia mzee wa River Road. Nikamwambia neno limepatikana, ni hodi, na mabango 60 ya mwisho yachapwe nalo. Akasema, "Nilikuambia nini? Herufi kubwa?" Hapana, nikamwambia. Ndogo, kama mtu anayebisha.

Saa tisa alasiri

Ukumbini Kilimani. Sauti ilikuwa ikitoka upande mmoja tu, tukabadilisha kebo, ikakaa sawa. Nilikaa kiti cha mwisho kabisa, cha pembeni, kuhakikisha maandishi ya tafsiri yanasomeka kutoka hapo. Yanasomeka.

Saa kumi na mbili jioni

Naenda Umoja nikishuka kila steji yenye kinyozi, saluni au kibanda cha chakula. Sibandiki kwenye nguzo wala kuta. Namwomba mwenye duka, nampa mkono, bango linakaa ndani penye mwanga ambapo mtu ananyolewa dakika ishirini akilitazama. Kinyozi mmoja alilisogeza chini ya kioo, mahali pa macho. Huyo anaelewa kazi hii.

Saa nne usiku

Miguu imevimba, nimeiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Video ya Jeevanjee aliyoipiga mwanafunzi mmoja inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Imenifikia kutoka kwa shangazi aliyeko Kitale ambaye hajui kwamba ni kazi yangu. Tiketi ni 71. Nimeandika orodha ya kesho: kiti cha yule bawabu, viti viwili vya nganya, kitambaa cha kufuta vumbi la mlango, maji ya waigizaji.

Simu inalia mlio wa ujumbe. Namba siijui.

"Hodi. Mimi ni yule mama wa mayai. Tuko wanne na watoto. Ndani kuna nafasi?"

Naandika: "Karibuni, mama."