Picha ya kuaga ya mzee wa Keya: isome kabla hujaisafisha

Familia nyingi za Uganda zilizokuwa na mzee katika Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) hutunza picha ya namna moja. Mume amesimama na sare, mke ameketi, mtoto yuko kati yao, nyuma yao limetundikwa pazia la studio. Wajukuu huambiwa kwamba ilipigwa siku jaja (babu) alipoondoka kwenda vitani Bama (Burma, leo Myanmar). Huenda ndivyo, lakini picha nayo ina maneno yake, na inafaa isikilizwe kabla haijapelekwa kwa fundi wa kompyuta kufutwa madoa.

Anza na kifua. Nishani ya Burma Star ilianzishwa Mei 1945, kwa hiyo mwenye utepe wake hakuwa anaaga: alikuwa amekwisha kurudi. Nembo ya kichwa cha kifaru begani ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943 na kupigana Bama 1944. Picha yenye nembo hiyo haiwezi kuwa ya safari ya vita ya Uhabeshi (Ethiopia) ya 1940 au 1941. Kofia pana iliyopindwa ukingo upande mmoja ni ya vita vya pili vya dunia. Katika vita vya kwanza askari wa Keya alivaa kofia ndogo ya duara yenye kitambaa cha kukinga shingo, na mara nyingi alipigwa picha miguu mitupu.

Usikisie rangi ya sare. Filamu na sahani za kioo za kupigia picha za zamani, hasa zile zisizoona nyekundu, ziligeuza nyekundu kuwa karibu nyeusi, na buluu ikafifia hadi kukaribia nyeupe. Nakala nyingine zilichapwa kinyume: tazama vifungo. Shati la mwanamume hufunga upande wa kushoto juu ya kulia, na nishani hukaa kifua cha kushoto. Vyote viwili vikionekana upande usio wake, picha imegeuzwa.

Kama wanaagana nje, tafuta reli. Njia ya kutoka Mombasa ilifika Kampala 1931. Kabla ya hapo msafiri alipanda meli Port Bell, bandari iliyo karibu na Kampala, akavuka Ziwa Viktoria hadi Kisumu, ndipo akashika treni ya pwani. Gati na meli ya ziwani nyuma ya watu kwa hiyo inaweza kuwa dalili ya vita vya kwanza.

Kisha geuza picha. Karatasi yenye uso laini wa plastiki mbele na nyuma ilienea kuanzia miaka ya 1970. Ukiiona kwenye picha ya 1943, ujue umeshika nakala, na ya asili huenda iko kwa shangazi au kwa mjomba. Itafuteni hiyo kabla ya kulipia ukarabati wowote. Muhuri wa studio, namba ya penseli, jina la kambi: vyote vipigwe picha, hata kama havisomeki vizuri leo.

Kwenye fremu ndipo picha nyingi huharibika. Unyevu wa kandokando ya ziwa hulainisha jelatini ya uso wa picha, nayo hunata kwenye kioo. Usiibandue, wala usiitie maji, maana uso utabaki kwenye kioo. Ipige picha ikiwa humo humo, kisha iache. Salotepu nayo ni adui: gundi yake hupenya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Mng'ao wa rangi ya fedha kwenye sehemu nyeusi ni madini ya fedha yaliyopanda juu. Usisugue.

Kunakili ni rahisi. Ukiwa na skana, weka 600 dpi (nukta kwa kila inchi), au 1200 kama picha ni ndogo kuliko kiganja, kwa rangi ingawa picha ni nyeusi na nyeupe, na hifadhi faili la TIFF, aina isiyopunguza ubora wa picha. Ukiwa na simu tu, weka picha mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, shika simu sambamba kabisa na picha. Mwanga uje kwa ubavu. Ukitoka juu, uso utameta. Usitume nakala pekee kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hubanwa. Itume kama faili.

Picha ya asili iwekwe kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, moja moja, ndani ya boksi lililoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa wasilifikie. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili.

Picha za rangi za vita vya Uganda na Tanzania vya 1978 na 1979 ziko hatarini zaidi kuliko za Bama. Rangi ya samawati ndani yake hufa hata gizani, ndiyo maana nyuso zimekuwa nyekundu. Hizo zinakiliwe kwanza.

Kwa wale ambao mzee wao hakurudi: meli Khedive Ismail ilizamishwa na manowari ya Japani 12 Februari 1944, ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yamo kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi, na orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola hutafutwa bure kwenye intaneti. Tafuteni kwa namba ya jeshi ikiwa iko nyuma ya picha, kwa sababu makarani waliandika jina moja kwa tahajia tatu au nne.