Spoku zote 36 hadi Mabamba na kurudi

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu limeshuka melini leo asubuhi hapa Mwanza likiwa na spoku zake zote 36. Halijapinda, halilii. Lilitoka na mzigo kamili, likavuka daraja la Kigongo–Busisi, likapita Geita, Biharamulo na Bukoba, likaingia Uganda kwa Mutukula na kufika kwenye bwawa la Mabamba, kisha likarudi Bukoba nilikopandia meli. Nina furaha ambayo siwezi kuificha. Safari iliyotangulia ilikatikia kati ya Lukaya na Mpigi, hukohuko Uganda, nikarudi kwa basi na baiskeli iko buti, korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa mabwawani mwenye mdomo mnene niliyemfuata, sikumwona hata unyoya.

Mahema, majiko na mambo ya mpakani nayaruka. Leo ni spoku.

Zilikuwa zinakatika moja moja, kila mara upande wa gia, kila mara kwenye kiwiko, pale zinapojikunja kuingia kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Ukiigeuza darubini ukachungulia kwa nyuma, jicho karibu kabisa na mkato, unapata kioo cha kukuzia. Sehemu moja ya chuma ilikuwa imefifia na kulainika, nyingine ina chembe zinazometa. Iliyofifia ni ufa wa zamani uliokuwa ukitambaa taratibu. Inayometa ndiyo iliyoachia siku yenyewe. Kwa hiyo chuma hakikuzidiwa na mzigo wa siku moja. Kilichoka.

Kila niliyemuuliza alisema nipunguze mzigo. Nikapunguza, hadi stendi ya darubini kubwa nikaiacha nyumbani. Zikaendelea kukatika. Kilichoniudhi zaidi ni kupishana kila asubuhi pale Igoma na vijana wenye baiskeli za Foniksi zilizopakia magunia ya mkaa, na magurudumu yao yametulia tu. Wao wanawezaje?

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mzee wa hukohuko Igoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshaanza kuzishika spoku mbili mbili na kuzibana kiganjani, akizunguka gurudumu zima bila kuliangalia.

"Mwanangu, hizi zimekaza, hizi zimelala. Na huku kwenye gia kwenyewe hazilingani. Nani alikufungia?"

Lilikuja limefungwa hivyo kutoka kiwandani.

Foniksi ina friwili ya gia moja tu, kwa hiyo rimu inakaa karibu katikati ya habu na spoku za pande mbili zinagawana kazi. Baiskeli ya gia inahitaji nafasi kulia, rimu inavutwa upande huo, spoku za kulia zinasimama wima na kukaza sana, za kushoto zinabaki na mvutano mdogo. Hapo bado si ugonjwa. Ugonjwa ni pale spoku za upande mmoja zinapotofautiana zenyewe kwa zenyewe. Kila mzunguko, spoku inayofika chini inalegea kidogo, halafu inakaza tena. Ile ambayo tayari imelala inalegea kabisa na kucheza kwenye kiwiko, na jirani zake wanabeba fungu lake. Zidisha kwa mizunguko ya kilomita mia kadhaa, tena juu ya rasta, yale matuta madogo ya barabarani, zilizowekwa kila unapokaribia kijiji.

Mzee anazipima kwa kiganja na sikio. Sikio hilo mimi sina. Ila kwenye simu nina programu inayochora sauti, ninayoitumia kutenganisha milio ya ndege waliojificha kwenye mafunjo. Usiku huo nikaiweka simu karibu na rimu na kuanza kuzigonga spoku kwa ukucha. Kila moja ikachora mstari wake. Upande wa gia, ambao ulitakiwa uwe na mistari ya kimo kimoja, ilikuwa imepanda na kushuka ovyo.

Hesabu yake inatisha kidogo: spoku za urefu na unene mmoja, sauti ikishuka kwa asilimia 10, mvutano umeshuka kwa karibu asilimia 20. Sikio la kawaida linaweza kuipitisha tofauti hiyo. Gonga karibu na rimu, nje ya pale spoku zinapopishana, la sivyo jirani anaimeza sauti. Iliyolala, kaza nati yake robo ya mzunguko, kamwe si zaidi. Kisha zibane mbili mbili kwa nguvu kama alivyofanya mzee, kiwiko kikae mahali pake. Utasikia zimeshuka tena. Rudia hadi zigome kushuka.

Spana ya spoku nunua ile inayoshika nati pande zote nne. Ile ya duara yenye matundu ya saizi zote inakula nati, sitaki kuiona. Na ubebe kifaa cha kufungulia gia, kwa sababu bila hicho spoku za akiba za upande wa kulia ni pambo.

Mabamba ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2006, na zamani wavuvi wa huko walimchukia korongo-nyangumi kwa kuamini analeta mkosi kwenye uvuvi. Sasa wengine wao ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi. Korongo-nyangumi wetu alisimama kwenye mafunjo bila kutikisika, muda mrefu, mdomo umeinamia maji. Ghafla akajiangusha mzima mzima. Alipoinuka alikuwa amebeba samaki aina ya kamongo pamoja na fungu la majani. Akachezesha mdomo, majani yakadondoka kidogo kidogo, kamongo akabaki. Niliyaona yote kwa darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, mkono umetulia. Ya 10x, ya mara kumi, baada ya kupiga pedeli siku nzima inatetemeka na mapigo ya moyo.

Mwezi huu nilikuwa nitengeneze keria ya mbele. Imeahirishwa. Wakati wa kurudi nilipita Kyaka, nikaanza kuufikiria msitu wa Minziro, wenye ndege wa misitu ya Kongo ambao kwingine Tanzania huwapati, na sasa siwazi kitu kingine. Kule nataka tairi pana kuliko hizi za 1.75, za rimu 26. Anayejua duka la Mwanza lenye 2.1 za uhakika aniambie kabla mvua hazijaanza.