Jinsi nilivyopata mng'ao wa kweli kwenye mawe yangu, hata yakiwa makavu

Kila anayeokota mawe anaijua hii hali: jiwe likiwa na maji linavutia balaa, likikauka linarudi kuwa jiwe la kawaida lenye rangi ya vumbi. Wengine wanamaliza kwa kupaka vanishi au mafuta, mi hiyo siipendi kabisa maana unakuwa umepaka rangi tu, hujang'arisha jiwe. Nilichotaka ni jiwe ling'ae lenyewe likiwa kavu, na nilifika huko kwa mashine ya kawaida ya kuzungusha, ile yenye kipipa cha raba kinacholala ubavu juu ya roli mbili na kimota kidogo.

Naanza na kutambua mawe, kwa sababu mng'ao unaanzia hapo kabla hata hujawasha mashine. Skeli ya Mohs (Friedrich Mohs aliitoa 1812) inapanga madini 10 kwa ugumu, talki ni 1, kalsaiti 3, floraiti 4, feldispa 6, kwatzi 7, topazi 8, korandamu ambayo ndo familia ya rubi na safaya 9, halafu almasi 10. Kwenye pipa moja ugumu unatakiwa ulingane au ukaribiane, ukichanganya kalsaiti na kwatzi utafungua ukute kwatzi ipo na kalsaiti imeshageuka tope. Kwa hiyo mi nilijikita kwenye familia ya kwatzi peke yake: akiki yenye mistari, yaspi ambayo haipitishi mwanga, na kwatzi yenyewe ya fuwele. Zote ni silika, zote zina 7 au pungufu kidogo, na zinapenda kung'aa.

Kupima ni rahisi ila kuna mtego. Ukucha ni kama 2.5, kisu cha chuma na kioo cha dirisha ni kama 5.5, sasa ukichora jiwe na msumari ukaona mstari usikimbilie kusema limekwaruzika, lowesha kidole ufute. Mstari ukifutika ujue ni chuma kilichoachwa juu ya jiwe, yaani jiwe ndo limekula msumari, na ukibaki ndo mkwaruzo wenyewe. Nikihisi ni chokaa naweka tone la siki, kalsaiti inatoa povu hasa ukiikwangua kidogo ipate unga, kwatzi haina habari. Mawe mazito yenye mng'aro wa chuma nayachora kwenye mgongo wa tailzi, ule usiopakwa glezi (utando wa kung'aa): hematiti hata ikiwa nyeusi inaacha unga wa kahawia mwekundu, na pairaiti inayodanganya watu kuwa dhahabu inaacha weusi wenye ukijani.

Kwa vile vipande vinavyopitisha mwanga, ambavyo kila mtu anaota ni kito cha maana, natumia mzani mdogo wa dijitali na bilauri ya maji. Napima jiwe kavu, halafu naweka bilauri yenye maji kwenye mzani naurudisha sifuri, nafunga jiwe kwa uzi nalizamisha lote likining'inia bila kugusa chini wala pembeni, nasoma namba. Gawanya uzito mkavu kwa hiyo namba. Jiwe la gramu 53 likionyesha 20 majini linakupa 2.65, hiyo ni kwatzi. Topazi ingekuja kwenye 3.5, korandamu kwenye 4. Kioo cha chupa kinacheza kwenye 2.5 na ndo kinasumbua kidogo kwa sababu kiko karibu na kwatzi, hapo nachukua lupu (lenzi ndogo ya kukuzia) natafuta viputo vya hewa ndani. Hiki kipimo nakipenda kuliko vyote, hakiharibu jiwe na hakijali rangi, na rangi ndo mwongo namba moja kwenye mawe.

Sasa nyufa. Pipani mawe yanasagwa kwa hatua, kila hatua na unga wake wa kusagia, laini kuliko wa hatua ya nyuma. Jiwe lenye ufa linabeba unga wa hatua ya nyuma ndani ya ufa, linakuja kuutema kwenye hatua ya mwisho na hapo mzigo wote unachubuka. Ninavyozikamata: naloweka jiwe, nalitoa, naliangalia linavyokauka. Uso unakauka haraka ila ufa unabaki na mstari mweusi wa unyevu kwa muda, unauona wazi kabisa. Tochi pia inasaidia kwa akiki. Lenye ufa mkubwa nalipasua kwa nyundo nikiwa na miwani ya kinga, au linarudi kwenye rafu kama lilivyo, sio kila jiwe lazima liingie pipani.

Hatua ya kwanza ndo kila kitu. Narudia, hatua ya kwanza. Unga wake ni silikoni kabaidi namba 60/90, chembe kubwa, ugumu wake uko juu ya 9 kwa hiyo kwatzi inakubali. Kwa pipa la mawe kilo moja na ushee naweka vijiko vinne vya mezani, maji yanafika chini kidogo ya mawe ya juu, na pipa linajaa theluthi mbili hadi robo tatu. Hicho kipimo cha kujaza usikidharau, mawe yanasagana kwa kuteleza juu ya yenzake, likiwa halijajaa yanadondoka na kugongana yanamegeka, likijaa sana hayatembei. Sikio linakwambia: unataka mlio wa kuteleza ulio sawasawa, ukisikia ko ko ko ongeza mawe madogo au zile punje za seramiki za kujazia. Na changanya saizi, madogo yanaingia kwenye mashimo ya makubwa na kusaga pale ambapo jiwe kubwa halifiki.

Unga unavunjikavunjika kadiri unavyofanya kazi, baada ya wiki hivi ukisugua tope kati ya vidole husikii tena chembe, umekwisha. Nafungua, naosha, nakagua jiwe moja moja. Na hapa ndo nilipopatia. Maelekezo mengi yanasema hatua ya kwanza wiki moja kisha songa mbele, lakini mawe hayaivi pamoja. Yaspi iliyotoka mtoni ikiwa laini tayari inaweza kumaliza wiki ya kwanza, akiki yenye mashimo inataka wiki nne au zaidi. Kwa hiyo sihamishi pipa zima, nahamisha jiwe. Lililokuwa laini kote, bila shimo bila kona kali, naliweka kwenye kopo la pembeni, ambalo bado linarudi na unga mpya, na nafasi iliyobaki najazia mawe mapya. Pipa la kwanza halisimami, na kopo likijaa vya kutosha pipa zima ndo naenda hatua ya pili. Inachukua muda, ndiyo, na unakuta jiwe limepungua robo au theluthi ya uzito wake, lakini shimo uliloliacha hatua ya kwanza hakuna unga laini utakaolifuta huko mbele, zile hatua nyingine kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia basi.

Hatua ya pili unga namba 120/220, ya tatu 500 (namba ikipanda chembe zinakuwa ndogo), kila moja wiki hivi, hakuna la ajabu hapo. Baada ya 500 jiwe kavu linakuwa na uso laini ambao bado haung'ai, usio na mikwaruzo inayoonekana. Kama bado unaona mikwaruzo rudi nyuma, usiende mbele kwa matumaini.

Katikati ya hatua ni usafi, na hapa nakuwa msumbufu kweli. Punje moja ya 60 ikiingia kwenye hatua ya mwisho inachora kila jiwe. Nasugua mawe kwa mswaki, pipa, kifuniko, ule mfereji wa kifuniko hasa, na vijipunje vya plastiki vya kujazia nina seti ya kila hatua kwa sababu chembe zinajichimbia humo hazitoki. Hatua ya mwisho ina pipa lake ambalo halijawahi kuona unga wa kukwangua na halitauona. Natumia aluminiamu oksaidi, ile laini kabisa, naongeza punje za kujazia ili mawe yasigongane, wiki nyingine. Mwisho nazungusha masaa machache na maji na sabuni ya mche iliyokwanguliwa ili kutoa utando wa unga.

Kipimo changu cha ushindi: jiwe kavu chini ya taa, naangalia taswira ya balbu kwenye uso wa jiwe. Kingo za balbu zikionekana kali, imekubali. Zikiwa na ukungu, bado. Mzigo wa kwanza niliofanya hivi mwanzo mwisho ulikubali, akiki karibu zote, yaspi chache zenye vitundu zilibaki na madoa meupe ya unga ambayo naona hazikuwa jiwe la kung'arisha tangu mwanzo.

Kuna mashine za mtikisiko ambazo ni za haraka zaidi na zinaacha umbo la jiwe lilivyo. Kwa hatua za mwisho ni nzuri, kwa mawe yenye kona mi bado nabaki na pipa la kuzunguka.

Akiki kubwa zisizoingia pipani ndo zilinipeleka kwenye kukata. Msumeno wenye bledi ya almasi, maji yanamwagika muda wote, na unakata kukatiza mistari ya akiki ili ionekane yote. Kipande cha unene wa milimita 5 au 6 nakichora umbo, nakigandisha kwenye kijiti kwa nta maalumu ya moto, halafu magurudumu ya kusagia namba 80, 220, 600, 1200 na kuendelea, naanza na kingo napanda juu mpaka kipate mgongo wa mviringo, hiyo ndo kabochoni. Sheria ni ileile ya pipani, mkwaruzo wa 80 unaondoka kwenye 220 au hauondoki, na unauona jiwe likiwa kavu tu, kwa hiyo kila baada ya muda nalifuta naliangalia kwenye mwanga kabla sijabadili gurudumu.

Vumbi la silika usicheze nalo. Linaleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu, na mapafu yakishapata makovu hayarudi. Nakata kwa maji tu, barakoa ya kuchuja vumbi inakaa usoni, na meza nafuta kwa kitambaa kibichi, sifagii. Malakaiti, lile jiwe la kijani, ina shaba, vumbi lake ni sumu, nimeamua tu sikati. Pipa lenye mawe ya chokaa linaweza kujaa gesi, nalifungua kila siku kidogo. Na tope usimwage kwenye sinki, linatulia kwenye bomba na kuganda kama zege, mi namimina kwenye ndoo ya zamani, naliacha likauke kiasi, halafu nalifunga kwenye mfuko likiwa bado na unyevu kidogo lisirushe vumbi, linaenda na takataka.