Binti Yangu Anasoma Jiografia, Mimi Ndiye Mfano

Binti yangu ameingia darasa la tisa hapa Columbus, Ohio, na somo la kwanza alilolichagua ni AP ya Jiografia ya Binadamu. Nilicheka. Jiografia niliyoijua mimi ilikuwa ya kukariri: kahawa inalimwa wapi, mto gani unamwaga maji wapi, na kiboko ukikosea.

AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari. Mtihani ni Mei, alama ni 1 hadi 5, na ukipata 3 kwenda juu vyuo vingi hukuhesabia somo hilo, usilirudie wala kulilipia tena. Mshauri wa shule aliniuliza kwa upole kama mtoto anayezungumza lugha nyingine nyumbani ataliweza. Nikatia saini fomu, nikaaga.

Mada ni 7. Ya kwanza ni ramani, na jambo lililomwudhi binti yangu ni ile ya mchoraji ramani Mercator ya mwaka 1569, inayoichora Greenland ikilingana na Afrika ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Ya pili ni idadi ya watu na uhamiaji, na hapo ndipo nilipoingizwa mimi.

"Baba, ulihamaje?" Kalamu mkononi, kama karani wa sensa. Nikamwambia: Taveta, kule mpakani mwa Kenya na Tanzania, kisha Mombasa kwa mjomba, kisha Nairobi kazini, kisha hapa. Akachora mishale mitatu, akaandika chini yake: kuhama kwa hatua. Miaka ishirini ya jasho langu, maneno matatu!

Kumbe kuna mwanajiografia aliyeyaandika hayo mwaka 1885, Ravenstein. Alisema wengi huhama masafa mafupi, na wanaokwenda mbali hukimbilia miji mikubwa ya biashara. Yeye mwenyewe alizaliwa Frankfurt akahamia London, kwa hiyo alijua alichokisema. Sasa kuna orodha ya kujaza: kilichokusukuma, kilichokuvuta, kilichokuzuia njiani. Kwenye kilichozuia nikamwambia aandike viza, kwa herufi kubwa.

Akilala, kitabu nakichukua mimi. Nimeruka hadi mada ya nne, ya siasa na mipaka. Ukiuliza wengi, mipaka yetu yote ya Afrika ilichorwa kwenye mkutano wa wakoloni huko Berlin mwaka 1884 na 1885. Sisi wa Taveta tuna neno hapo. Mstari wetu ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886: ukaenda kutoka pwani, ukazunguka Ziwa Jipe na Kilimanjaro, ukapita katikati ya Taveta na Uchagani, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima huo ni porojo tu. Shangazi yangu aliolewa Holili, upande wa pili, mwendo mfupi kutoka kwetu, na kwa karatasi ni mgeni. Nilimweleza binti yangu haya asubuhi ndani ya gari. Akaniuliza kama anaweza kumtumia shangazi kwenye insha. Mtumie, nikamwambia, ila usimtaje jina.

Kwa wazazi wenzangu ambao watoto wao wanaanza: shida haiko kwenye kukariri. Maswali ya kuchagua ni 60 kwa dakika 60, kisha 3 ya kuandika kwa dakika 75, na hayo ya kuandika ndiyo yanayowaangusha. Ukiambiwa utaje, taja. Ukiambiwa ueleze sababu, sentensi isiyo na "kwa sababu" haikuletei kitu. Wa kwangu alipoteza alama kwenye zoezi la kwanza kwa kutaja tu.

Jana amefika kwenye kanuni nyingine ya Ravenstein: kila mkondo wa wahamaji huzaa mkondo mwingine unaorudi. Akainua kichwa.

"Wetu unarudi lini?"

Nikamwambia amalize kwanza maswali ya ukurasa ule.