Mguu wa Kulia wa Radu Lupu

Jumapili jioni, Nkuhungu, Dodoma. Upepo umeleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai, nimekunywa hivyohivyo.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku. Nikajilaza gizani, hedifoni masikioni, nikamsikiliza Radu Lupu, mpiga piano wa Romania, akipiga Impromptu ya tatu ya mtunzi Schubert, kipande kifupi cha piano kutoka mkusanyo wake wa Op. 90. Mara nne mfululizo, mpaka chaji ikaisha.

Schubert aliitunga mwaka 1827, mwaka mmoja kabla hajafa, katika G-flati, yaani funguo nyeusi zimejaa kila mahali. Ilipochapishwa mwaka 1857, mchapishaji aliipandisha kuwa G, yenye funguo nyeusi chache, ili isiwatishe wanunuzi. Nilicheka peke yangu. Kumbe kile kitufe cha kuhamisha wimbo mzima uwe juu zaidi au chini zaidi, tunachokitegemea sisi wapiga kinanda wa kanisani, kina ukoo wa zamani!

Wimbo wenyewe umebebwa zaidi na kidole kidogo cha mkono wa kulia. Vidole vingine vya mkono huohuo vinachuruza noti ndogondogo bila kupumzika. Nikiipiga mimi, hizo ndogo zinaumeza wimbo. Kwa Lupu kidole kidogo kinaimba waziwazi, na zile nyingine unazisikia kama watu wanaoongea chumba cha pili. Ufunguo wa piano unashuka kama sentimita moja tu. Ndani ya sentimita hiyo mkono mmoja umegawa uzito wa aina mbili, dakika zote zile. Na mwenyewe alikuwa anakaa kwenye kiti cha kawaida chenye mgongo, ameegemea kama mzee barazani.

Piano ina ukatili wake. Nyundo ikishagonga waya, kidole kimebaki na uamuzi wa kuiacha sauti ififie au kuikata, basi. Mpiga zeze anaweza kuikuza sauti kwa upinde wake hata baada ya kuianzisha; mpiga piano hana hiyo. Ana mguu. Akikanyaga pedali ya kulia, vipande vya sufu vinavyozinyamazisha nyuzi vinainuka vyote, na hata nyuzi ambazo hazijaguswa zinaanza kutetema.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu. Ilimba yake, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ilikuwa na vyuma vingi, na vingine hakuvigusa kamwe. Nikiwa mdogo, kule Chamwino, nilidhani hajui kuvipiga. Nikamuuliza, "Babu, mbona hivi unaviacha?"

"Mjukuu wangu, hivyo kazi yake ni kuitikia."

Sasa kwa Lupu, sikusikia mahali alipobadilisha pedali. Besi inaondoka imeacha kivuli, sauti nyingine inakaa juu ya kivuli hicho, na hakuna tope. Masikio yangu yananiambia haachii yote, anaachia nusu, pengine robo. Hata pale katikati, muziki unapoingia giza na besi kunguruma chini, hapandishi hasira. Wapo wanaoligeuza eneo hilo kuwa radi ya masika, na mimi nilikuwa nawapenda hao. Jana hamu nao iliniishia.

Lupu alikufa mwaka 2022. Miaka mingi alikwepa waandishi wa habari, na sioni angewaambia nini zaidi ya hiki.

Basi leo asubuhi ibadani nikajaribu kuachia nusu. Pedali ya kinanda chetu ni ile ya plastiki, inajua kuwaka na kuzima tu. Nikaamua kuibeba kazi kwa vidole: nikalegeza vya katikati, nikakipa uzito kile kidogo, nikachelewa kunyanyua besi.

Baada ya ibada mama mmoja wa sauti ya pili alinifuata mlangoni.

"Mwanangu, leo unaumwa? Kinanda kilikuwa kinanong'ona."

Nikamwambia niko salama, mama. Akanitazama usoni, halafu akasema wimbo wa sadaka ameusikia maneno yote.