Ya kutazama

Wiki hii Zuhura amefaulu usaili, ofisi yetu imehamia ghorofa ya nne isiyo na lifti, na Baba Mdogo ametoka hospitali akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alhamdulillahi kwa yote. Ila kinachoninyima usingizi ni maneno matatu ya Shangazi.

Alikuja Jumamosi. Baada ya shikamoo na marahaba macho yake yakaenda moja kwa moja mezani, ilipo ile mashine yangu ya kuchapa, Olympia SM3 ya kijivu, iliyonichukua miezi mitatu kuitengeneza. Nikamwekea karatasi mbili pamoja, maana rola inayoshika karatasi imekuwa ngumu kwa uzee na karatasi moja hutobolewa na nukta. Akavuta kiti, akanyoosha mgongo. Shangazi ni zao la chuo cha uhazili cha Tabora, kinakofundishwa ukatibu, hatimkato na kila kitu. Mikono ikakaa yenyewe, macho dirishani. Kumb. Na. YAH: Kisha mstari wa kwanza ukamiminika kama mvua juu ya bati.

Mstari wa pili herufi zikaanza kupandana. "Tunapenda kukuarifu" ikatoka na mabaka meusi mahali pa e na a. Akaichomoa karatasi, akanipa bila kuitazama.

"Umeitengeneza ya kutazama, baba."

Halafu akauliza kama chai bado ipo.

Nimeyarudia maneno hayo kwenye daladala, bafuni, hata katikati ya kikao. Mke wangu anasema hakusema "kutazama", alisema "kutazamwa". Tumebishana siku mbili. Kama ni kutazamwa, basi nimetengeneza pambo la sebuleni, na hilo naweza kulimeza. Kama ni kutazama, basi anasema nilitengeneza kwa macho tu, mikono haikushiriki. Hilo ndilo linalouma, kwa sababu ni kweli.

Mimi huzijaribu mashine hizi kwa vidole viwili. Anayechapa maneno 50 kwa dakika, kila neno likihesabiwa mapigo matano, anapiga mara 250 kwa dakika, yaani pigo moja kila robo sekunde. Ndani ya robo sekunde hiyo nyundo yenye herufi inyanyuke, igonge utepe, irudi kulala, na keriji (ile sehemu ya juu inayobeba karatasi) isogee milimita mbili na nusu kupisha herufi inayofuata. Kwa vidole vyangu viwili kila kitu kina muda wa kupumzika, hata kilicho kigonjwa. Siku hizi najaribu kwa aka aka aka aka, a mkono wa kushoto na k wa kulia, kwa kasi yote mikono inayoweza, kisha wiwiwiwi. Mstari mzima, si neno moja.

Kupandana na kuruka ni maradhi mawili tofauti. Mashine ikiruka nafasi pasipoguswa ubao wa nafasi, kosa mara nyingi liko kwenye gurudumu la meno linaloiachia keriji hatua moja moja: ulimi unaodaka meno umelika, au umegandiwa na mafuta ya zamani. Herufi zikipandana, keriji imechelewa kusogea. Ama springi inayoivuta imelegea, ama reli na gololi zake ni chafu, ama kuna kitu kinaikwaruza njiani.

Hapa wengi hukimbilia kukaza springi. Mimi nimeshafanya hivyo na nimejuta. Mzunguko mmoja wa ziada huficha ugonjwa: keriji inakwenda, lakini mkono unachoka kuirudisha, na ulimi unapigwa na meno kwa nguvu zaidi kila hatua. Springi iwe ya mwisho. Kwanza nilipitisha mswaki wenye spiriti kidogo kwenye reli, nikafuta kwa tambara lisilotoa nyuzi. (Spiriti isifike kwenye rangi ya bodi, yaani ganda la nje, inaifubaza. Na mafuta ya taa ambayo mafundi wetu wanayapenda husafisha vizuri kweli, ila huacha utando unaonasa vumbi. Ukiyatumia, futa tena kwa spiriti.) Kwenye kichana, zile nyufa nyembamba ambamo nyundo zinachezea, mafuta hayatiwi kabisa, hata ya cherehani. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza bolti zenye kutu isikaribie hapo. Leo nyundo zitateleza, baada ya miezi zitanata kama zimepakwa asali.

Reli ilikuwa safi. Herufi bado zikapandana.

Jumatano usiku nikakata ukanda wa karatasi ya kawaida, nikaupitisha kati ya tumbo la keriji na bodi, nikaisogeza keriji taratibu kutoka ncha hadi ncha. Upande wa kulia ulipita. Karibu na katikati ukabanwa. Nikawasha tochi ya simu nikaona mchirizi unaong'aa juu ya rangi, mwembamba kama unywele. Bodi ilikuwa inaigusa keriji.

Ndugu zangu wa SM3, angalieni bushi. Mashine imekalia bushi nne za mpira ndani ya bodi, na skrubu za chini zinapita katikati yake. Mpira wa miaka ya 1950 umeshakuwa biskuti. Unasagika, mashine inazama ndani ya bodi yake, na keriji inaanza kukwaruza. Ukichapa polepole hulisikii. Ndiyo maana nilipoijaribu ikiwa uchi, bodi imetolewa, ilikimbia bila kosa, na ilipovaa tu ikachechemea. Jaribio hilo la uchi lingenionyesha adui mapema kama ningelifanya kabla Shangazi hajafika, tena kwa kasi.

Bushi za dukani sikuzitafuta. Nilinunua mpira mnene wa mafuta wa pikipiki, nusu mita, nikakata kwa wembe mpya vipande vinne. Nilianza na milimita 4, ukanda wa karatasi ukabanwa tena. Milimita 6 ukapita. Vipande vilingane, vinginevyo mashine inakaa upande na utahangaika na kona moja usiku kucha. Juu na chini ya kila kimoja weka washa, na skrubu ikaze mpaka bisibisi ianze kukataa, basi. Ukiendelea unausaga mpira mpya na unarudi ulikotoka.

Halafu nikakaa nayo ikiwa bado wazi nusu, taa ikiangaza nyundo, nikaona kitu ambacho miezi mitatu sikukiona. Nyundo ya q na ya x zina kingo kali na mng'ao, kana kwamba zimetoka kiwandani Wilhelmshaven, Ujerumani, juzi. Ya a imelika, tumbo lake limejaa wino uliokauka ambao pini yangu haikuumaliza. Ya k na ya i zinaifuata. Ya c ni nzima nzima, maana kazi yake ilikuwa kuisindikiza h tu. Mashine hii haikukaa kwenye meza ya Kiingereza hata mwaka mmoja, naapa. Na kitufe cha herufi kubwa cha kushoto kimechimbika kidogo: ritifaa (') iko juu ya 8, na SM3 hunyanyua keriji nzima unapobonyeza herufi kubwa. Kila ng'ombe, kila ng'ambo, kila kung'oa, kidole kidogo kimeinyanyua keriji yote kwa ajili ya alama ndogo kama kiroboto. Nilicheka peke yangu jikoni saa sita usiku.

Nimechapa kurasa mbili za aka aka, hazina baka. Lakini vidole vyangu si mizani ya kuaminika, sasa tunajua. Nikampigia Shangazi, nikamwambia aje Jumapili, pilau ipo. Akasema, "Utakuwa umeweka utepe mpya? Ule ulikuwa mkavu." Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeweka. Nimetia wino wa mhuri kwenye ule ule, matone machache kila kiganja cha urefu, nikauzungusha na kuuacha siku nzima unywe. Sijui kama pua yake itanigundua.

Na mwenye nyumba hajapokea simu tangu Jumanne. Kodi inaisha tarehe 30, na jirani wa chini anasema aliwaona watu wawili wakipima ukuta wa nyuma kwa futi kamba.